Land Rover Yenye Moyo wa Isuzu

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Meru na Embu, mawazo hukimbilia majani. Meru ni miraa, Embu ni muguka, basi. Na majani hayo yana mashtaka yake: mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, wakulima wa Mbeere wakapiga kelele, na maneno yakafika mahakamani. Barazani kwetu jambo hilo limesemwa likasemeka, wala mimi sina la kuongeza. Nilikwenda kule juu kutazama kitu kingine, nacho ni maji. Maji ya ndani ya injini.

Ami yangu mmoja, mkazi wa Malindi, anayo Land Rover ya chasisi ndefu, ile iitwayo 109 kwa hesabu ya inchi zilizo baina ya gurudumu la mbele na la nyuma. Bodi yake ni ya aluminiamu, nayo imestahimili hewa ya chumvi miaka yote hiyo. Lakini injini imekufa zamani, na kuku hutagia chini ya boneti. Ami akasikia ya kwamba huko Meru na Embu wako mafundi wanaozihuisha gari kama hizo kwa kuzitia injini za Kijapani, zikarudi kupanda mlima. Akanituma nikaone kwa macho yangu. "Uliza khasa habari ya maji," alinambia. "Kufunga injini kila mtu hufunga. Maji ndiyo yanayowashinda." Naye alikuwa na sababu ya kusema hivyo, maana magari mawili ya jirani zake yalifanyiwa kazi hiyo hiyo na yote mawili yakafa kwa kuchemsha, moja kwenye mchanga wa njia ya Baricho, mchana wa jua kali.

Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na haikuchukua muda ikaingia nchi zetu hizi, ikawa gari la bwana shamba, la polisi, la hospitali na la misheni. Kwa miaka mingi zikiunganishwa Thika. Zilipochakaa serikalini zilinunuliwa mnadani na raia, na katika miteremko ya Nyambene na upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ambako udongo mwekundu ukinyeshewa huwa kama sabuni, zikapata maisha ya pili. Hupakia watu, chai, viazi, ndizi, mbao, bibi harusi na hata maiti. Tatizo ni injini. Ile dizeli ya kale ya ujazo wa sentimita 2,286 ilikuwa na nguvu za farasi 62 hivi, na leo spea zake ni za kutafutwa kwa tochi. Isuzu, kwa upande wake, huunganishwa Nairobi tangu miaka ya 70, na hakuna mji wenye duka la spea usiokuwa na pistoni yake. Basi mtu mwenye akili huona njia ni moja: abakishe bodi na chasisi ya Mwingereza, atie moyo wa Mjapani.

Nilipanda kwa njia ya Embu. Anayetoka Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, na kila mto utokao mlimani umechimba bonde lake, kwa hiyo barabara hushuka na kupanda, hushuka na kupanda, mpaka msafiri wa Pwani aliyezoea nchi tambarare huanza kushika kiti. Darajani Nithi abiria walinyamaza. Ndipo mahali pale ambapo tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30. Mabonde hayo humjaribu mtu mara mbili. Kushuka hujaribu breki, na kupanda hujaribu maji.

Fundi niliyeelekezwa kwake ana banda lake mjini Meru, si mbali na soko la Gakoromone. Sitamtaja jina kwa kuwa hakutaka, alisema ana kazi za kutosha na wadeni wa kutosha. Ni mtu wa makamo, mfupi, asiyependa kusema mpaka ashike spana. Ufundi aliusomea Embu, katika gereji ya malori, na anasema malori ndiyo yaliyomfunza maji, kwa kuwa lori lililobeba tani saba mlimani haliwezi kudanganywa.

Nilimkuta na kazi mkononi, nami nikaona hiyo ndiyo bahati yangu. Ilikuwa Land Rover ya mzee mmoja wa Chogoria. Kazi ya Mzee huyu ni kuwapeleka wapanda mlima katika lango la msitu, kama kilometa 30 kutoka mjini, na siku ambazo hakuna wapanda mlima hubeba viazi na watu. Mwaka uliopita aliuza ng'ombe wawili akanunua Isuzu ya mtumba, ile ya lita 2.8, akaipeleka kwa fundi mwengine katika mji ambao nao sitautaja. Injini ikafungwa, ikawaka, ikanguruma vizuri, wakachinja kuku. Wiki ya pili, ndani ya msitu wa mianzi, ikachemsha. Dereva, ambaye ni mwanawe, akaona mvuke, akaingiwa na hofu, akachota maji ya mto na kuyamimina ndani injini ikiwa bado moto. Maji ya mto wa Mlima Kenya ni baridi kama barafu. Mimi nimetawadha kwayo alfajiri na najua nisemalo. Silinda hedi ikapasuka.

Hedi ya pili ilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akina mama, kwa dhamana ya mke wake. "Hii ikipasuka," Mzee aliniambia kwa Kiswahili chake cha bara, "mimi sitakuwa na gari, na mama watoto hatakuwa na uso wa kwenda kwa wenzake." Aliketi juu ya ngoma ya mafuta siku zote tatu nilizokuwapo, akitazama kila nati ikifungwa.

Kabla ya kueleza aliyoyafanya fundi, nieleze kidogo ugonjwa wenyewe. Injini ikichoma mafuta, si joto lote linalogeuka kuwa nguvu ya kusukuma gari. Sehemu hutoka na moshi, na sehemu kubwa, pengine robo na pengine theluthi, huachwa ndani ya chuma. Hiyo ndiyo kazi ya maji: hupita pembezoni mwa silinda, hubeba joto, huenda nalo kwenye rejeta, huliacha kwa upepo, kisha hurudi kuchukua jingine. Injini mpya yenye nguvu zaidi ya ile ya kale huacha joto zaidi, na rejeta ya kale haikuumbwa kwa mzigo huo. Hilo la kwanza. La pili ni mlima. Kwetu Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Meru mjini, kwa sababu ya urefu wa nchi, huchemka kwa kama 95. Kule katika lango la Chogoria, penye urefu wa meta 2,950 hivi, ni kama 90 tu. (Ndiyo maana maharagwe ya huko hayaivi upesi, na mke aliyetoka Pwani asilaumiwe.) Tena hewa ya juu ni nyepesi, imepungua kwa karibu robo, kwa hiyo hata upepo upitao kwenye rejeta hubeba joto kidogo kuliko wa kwetu. Na njia ya msituni hupandwa kwa gia ya chini, mwendo wa mtu aendaye kwa miguu, injini ikipiga kelele na upepo wa mwendo haupo. Haya yote humkuta dereva kwa wakati mmoja.

Siku ya kwanza fundi alivua tu. Akatandaza chini mipira na vyuma vya mwenzake, akatuonyesha kama daktari aonyeshavyo jino bovu. Mdomo wa chini wa rejeta ulikuwa upande mmoja, na mdomo wa pampu ya maji ya Isuzu uko upande wa pili. Basi yule wa kwanza alivusha mpira mrefu chini ya mkanda wa feni, ukapinda mahali kama shingo ya bata. Milango haikulingana ukubwa, kwa hiyo mpira mpana ulikazwa kwenye bomba jembamba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na waya. Feni ilikuwa uchi, imesimama mbali na rejeta. Na thamostati haikuwamo kabisa.

Hapo juu ya thamostati yataka nisimame, maana ni maradhi ya nchi nzima, Pwani pia. Thamostati ni mlango mdogo unaofungika maji yakiwa baridi na kufunguka yakipata moto, kwa kawaida digrii 82 au zaidi kidogo. Mafundi wetu wengi gari likichemsha huutoa na kuutupa, wakisema sasa maji yapite bila kizuizi. Kwa injini fulani za kale haleti madhara ya haraka, ila injini huendeshwa baridi, hula mafuta na kuchakaa. Lakini katika injini nyingi za Kijapani mlango huo una kazi mbili: ukifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sahani yake ya chini huziba ile njia ya mkato inayoyarudisha maji moja kwa moja kwenye pampu. Ukiutoa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Maji ya moto hayana haja tena ya kwenda mbali. Huzunguka humo humo yakizidi kuchemka. Mtu ametoa dawa akidhani ametoa ugonjwa.

Fundi alinunua mpya, na hakuiamini kwa kuwa ni mpya. Akaiazimia sufuria kwa mwanamke mwenye kibanda cha chai, akaitundika ndani ya maji kwa uzi pamoja na kipimajoto, akachochea moto. Tulisimama watu wanne kuitazama. Kwenye 82 ikaanza kufumbuka, na maji yalipoanza kutokota kwa 95 yake ya Meru, ilikuwa imefunguka wazi. Mwenye kibanda akadai sufuria yake ioshwe kwa majivu, na haki yake. Thamostati hiyo ina kipini kidogo kinachochezacheza cha kupitishia hewa, na fundi alipoifunga alihakikisha kipini kimekaa juu. Kikikaa chini, hewa hukwama nyuma ya mlango, na mlango usioguswa na maji ya moto huchelewa kufunguka.

Rejeta ilipelekwa kwa jirani, mzee wa lehemu ambaye hafanyi kazi nyingine. Aliiyeyusha matangi yake ya juu na ya chini, akatoa ule moyo wa safu tatu za mirija, uliokuwa umeziba kwa chokaa kama birika la chai la mgahawa, akatia moyo mwengine wa safu nne. Kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona ndilo lililookoa kazi: aliung'oa mdomo wa chini, akaziba tundu lake kwa kipande cha shaba ya manjano, akatoboa upande wa pili na kulehemu mdomo mwengine wa upana ule ule wa pampu ya Isuzu. Badala ya kuulazimisha mpira uvuke gari, aliuhamisha mlango. Akaizamisha rejeta ndani ya pipa la maji, milango imezibwa, mwanagenzi akatia upepo kwa bomba la baiskeli, na sote tukatafuta mapovu. Yalionekana mawili. Akalehemu tena.

Ama kuhusu mipira, fundi alikunja waya mnene wa ua mpaka ukalingana na njia ambayo mpira ungepita, akanipa mimi niende nao madukani. Nilizunguka maduka matano ya spea nikiinua waya wangu mbele ya mipira iliyotundikwa ukutani kama soseji, mpaka nikapata wa lori mmoja ambao pindo lake lilikubali. Akakata ncha mbili, akautumia. Mpira wa chini alitia springi ndani yake. Nikamuuliza ya nini. Akaniambia upande wa chini pampu hunyonya, na mpira uliopata moto hulainika. Pampu ikivuta kwa nguvu, mpira hubonyea kama shavu la mtu anayevuta buruma, na maji hukatika wakati ule ule yanapotakiwa sana. Ukizima injini ukatazama, mpira umerudi umbo lake, huoni kitu. Magari mengi, alisema, yamebadilishiwa rejeta, pampu na hedi bure, na kosa lilikuwa springi ya bei ya chai mbili.

Palipohitajika bomba la chuma kuunganisha mipira miwili alizungushia kila ncha pete ya waya na kuichomelea, akalainisha kwa tupa, ili kuwe na mdomo unaouzuia mpira usichomoke presha ikipanda. Na bomba hilo alilifunga kwenye chasisi, si kwenye injini, akiacha mpira wa kutosha kila upande, kwa sababu injini hutikisika juu ya raba zake na chasisi haitikisiki nayo.

Feni aliitengenezea kizimba kwa bati la pipa la lami: duara kubwa linaloizunguka, lililoshikana na rejeta pande zote, na ubapa wa feni nusu umo ndani ya kizimba na nusu uko nje, umeachiwa nafasi ya kidole. Bila kizimba, feni hunyonya upepo wa karibu, ule ule uliokwisha kupata moto, na pembe za rejeta hazipati kitu. Nyufa za pembeni alizijaza vipande vya raba ya tairi. Mbele akaweka wavu, kwa kuwa Mzee pengine hushuka nchi kavu ya Mbeere, na huko mbegu za nyasi huingia katika rejeta zikaifunga kama pamba.

Siku ya pili ilikuwa ya tangi dogo, na hii ndiyo sehemu niliyoichora karatasini kwa ajili ya ami yangu. Injini ya Isuzu imekaa juu kidogo kuliko ile ya zamani, hivi kwamba sehemu ya juu ya hedi imeupita kwa urefu mdomo wa rejeta. Sasa hewa, kama ijulikanavyo, hukimbilia juu. Ukijaza maji mdomoni mwa rejeta mpaka yamwagike, waona gari limejaa, kumbe juu ndani ya hedi kuna hewa, na pale penye hewa chuma hakina wa kukipoza. Fundi alitengeneza tangi la shaba, kiasi cha lita mbili, akalifunga kwenye ukuta wa nyuma ya injini, juu kuliko kitu chochote chenye maji. Kutoka kilele cha hedi alitoa mrija mwembamba kama kalamu mpaka kwenye tangi, na mwengine kama huo kutoka kilele cha rejeta. Hewa hupanda kwa mirija hiyo. Kutoka chini ya tangi akateremsha mrija mnene mpaka kwenye mpira wa chini, karibu na pampu, ndio unaorudisha maji kuijaza nafasi iliyoachwa na hewa. Mdomo wa rejeta ukazibwa moja kwa moja. Kifuniko cha presha kikahamia kwenye tangi. Mtu aliyewahi kuona birika la msikiti wa zamani linavyopata maji kutoka kwenye hodhi iliyojengwa juu yake atafahamu mara moja. Na mafundi wetu wa madeli ya kahawa, wanaolehemu shaba tangu enzi za babu zao, tangi kama hili si kazi ya kuwashinda.

Kifuniko chenyewe si kifuniko kama cha chungu. Kina springi iliyopimwa. Hiki kilikuwa cha paundi 13, na maana yake ni kwamba huyabana maji yasichemke mpaka yapite kiwango chake cha kawaida kwa kama digrii 20. Kule langoni ambako birika huchemka kwa 90, maji yaliyofungiwa humo hayachemki mpaka yapite 110. Lakini hapo ndipo penye hatari. Maji ya digrii 105 yaliyotulia chini ya kifuniko, ukikifungua ghafla hugeuka mvuke mara moja na kuruka. Mwanagenzi wa banda hilo ana kovu kutoka kidevuni mpaka kifuani, na si yeye peke yake. Kila gereji ina kijana wa namna hiyo. Siku hizi hufunika kifuniko kwa gunia lililoloweshwa na kungoja, na akingojea huwa amefumba mkono mmoja kifuani bila kujijua.

Nimesikia ya kwamba katika magari yanayojengwa kwa ajili ya Rhino Charge, yale mashindano ya kupita porini yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, wako wanaoihamisha rejeta nyuma kabisa ili isivunjwe na visiki, wakavusha mabomba marefu chini ya gari na kutia feni za umeme. Nilimtajia fundi. Akasema ni jambo zuri kwa mwenye pesa ya feni mbili na betri mbili, na asiyebeba viazi.

Vitu vidogo vilibaki. Saa ya joto ya Land Rover haisomi sawasawa kipimo cha Isuzu. Ukiviunganisha hivyo hivyo, sindano hudanganya. Akatafuta saa na kipimo vya jamii moja. Akamwonya Mzee na mwanawe kwamba hata saa ya kweli hudanganya maji yakiisha, kwa kuwa kipimo kikining'inia hewani husoma baridi wakati injini inaungua. Sindano ikianguka ghafla mlimani, si neema, simamisheni. Maji akachanganya nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kutu na barafu. Maji ya mto wa Meru ni laini na dawa ilikubali vizuri. Kwetu hili ni zito zaidi, maana maji ya visima vya Pwani mengi yana chumvi, nayo hula shaba na chuma kwa pamoja. Ami itambidi atumie ya mvua. Akajaza pole pole, gari limeelekezwa pua juu ya kilima, akifinya mipira kwa mkono kama mtu akamuaye, mapovu yakitoka katika tangi, saa nzima. Yai bichi na pilipili manga, dawa za njiani za kuzibia rejeta inayovuja, alikataa hata kuzizungumza. Alisema pilipili ni ya pilau. Mwisho akamkumbusha Mzee kwamba injini iliyobadilishwa yapasa kuandikishwa NTSA na gari kukaguliwa, na Mzee akasema karatasi anazo, ila safari hii anataka kwanza kuona kama kuna gari la kuandikisha.

Siku ya tatu tulitoka. Fundi mbele na mtoto wa Mzee kwenye usukani, mimi na Mzee nyuma juu ya mifuko minane ya mchanga badala ya abiria. Lami mpaka Chogoria, mabonde yote, sindano ilikaa 84, 85. Tukaingia msituni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na katika mianzi palikuwa na mavi ya ndovu mabichi katikati ya njia. Gia ya kwanza, ya chini. 88. Mzee hakutazama njia, alitazama sindano kwa juu ya bega la mwanawe. Mahali pale ilipopasukia hedi, alipotuonyesha kwa kidole bila kusema, ilifika 93. Kilima cha mwisho kabla ya lango, upepo ukiwa nyuma yetu na magurudumu yakizunguka matopeni, ikapanda 96, na kijana akatoa mguu. Fundi akamwambia asiondoe mguu, ashike hapo hapo. 96. Dakika kama nne hivi ilibaki 96. Kisha njia ikalala, feni ikapata nafasi, ikarudi 90, ikarudi 87.

Langoni walinzi walikuwa wakichemsha chai. Fundi akatumbukiza kipimajoto chake katika sufuria yao iliyokuwa ikitokota: 90. Maji ya injini yetu yalikuwa yamepanda kilima kile yakiwa moto kuliko ile chai, na hayakuchemka. Mzee alinywa vikombe viwili akaomba cha tatu.

Tulilala kwake Chogoria. Asubuhi, injini imepoa kabisa, fundi akafungua kifuniko: maji yalikuwa yamepungua kiasi cha bilauri moja, ndiyo hewa ya mwisho iliyokuwa imejificha. Akaongeza, akafunga, akafuta tangi kwa kitambaa. Mapema hiyo hiyo walifika wapanda mlima wanne na mizigo yao, na mke wa Mzee ndiye aliyepokea nauli, akaihesabu na kuifunga katika leso. Sisi wawili tukapanda matatu ya kwenda Meru. Fundi alishuka Nkubu, ambako aliitwa kutazama Land Rover nyingine iliyochemsha.